Mlezi wa Kuchukua Nafasi Yangu

Wa kwanza nilimkataa kwa sababu ya kucha zake. Ungedhani anakuja kuparua samaki. Wa pili nilimkataa kwa sababu alimwita Mama "katoto kazuri," na Mama, mwanamke aliyezaa wawili na kuzika mume, alimtazama kama mtu anavyotazama nzi ndani ya maziwa. Wa tatu alipoingia sebuleni, nilimkagua juu hadi chini nikakosa cha kumkatalia.

Kucha fupi. Raba nyeupe zisizopiga kelele. Nywele zimefungwa nyuma. Cheti kipo ndani ya bahasha ya plastiki, hakina hata mkunjo. Na juu ya yote hayo, mzuri. Uzuri ule wa kutojipaka kitu, unaomfanya mwanamke mwenzake aombe walau chunusi moja.

"Karibu," nikasema. 

Nyuma yake alisimama Mkaguzi, anatabasamu. Mkaguzi ni dada yake Fundi, mchumba wangu; ndiye wifi yangu mtarajiwa. Jina nimempa mimi, kwa sababu kila akija kumwona Mama, mama yao mzazi, hupitisha kwanza kidole juu ya kabati, akakitazama, ndipo amsalimie mgonjwa.

"Huyu ndiye niliyewaambia," akasema. "Nesi. Kaka, unamkumbuka?"

Fundi alikuwa kwenye benchi lake pale sebuleni, cherehani ya mteja imefumuliwa mbele yake, vidole vimejaa mafuta. Akainua kichwa. Uso ule nimeusoma miaka mitatu; naujua kuliko kiganja changu. Niliona macho yake yakimfikia Nesi, na badala ya kupita, yakatua. Nikahesabu moyoni. Nilifika nne.

"Namkumbuka," akasema. "Wodi ya wanawake. Kitanda cha dirishani."

"Kumbe unakumbuka mpaka kitanda!" Mkaguzi akacheka, akanitupia jicho kuhakikisha kwamba nimesikia.

Nilisikia. Na mimi pia nilikumbuka.

Wakati Mama alipopooza upande wa kulia na kupoteza maneno yote isipokuwa moja, mimi nilikuwa mfagizi wa wodi ile. Ndiyo, mfagizi. Sioni haya; fagio halijawahi kunidhulumu. Kila siku saa kumi, watu wakiruhusiwa kuona wagonjwa wao, Fundi alifika na chupa mbili za chai. Moja ya mama yake. Nyingine ya Nesi. Walikaa kwenye benchi la ukutani, wakicheka kwa sauti ya chini, na mimi nafagia mpaka nilipowafikia. "Nyanyua miguu, kaka," nasema. Ananyanyua bila kunitazama. Mara kumi na moja nilimwambia anyanyue miguu. Wengine hutunza picha. Mimi hutunza maudhi, na sijawahi kupoteza hata moja.

Siku moja nilimkuta Mama ameulalia ule mkono wake uliokufa, umebanwa chini ya mbavu, machozi yanamtoka, hawezi kuita. Nikaegesha fagio, nikamgeuza taratibu. Nesi akatokea. Akasema, wodi nzima inasikia: "Dada wa fagio, toa mikono. Hii ni kazi ya waliosomea."

Dada wa fagio. Vitanda kumi na vinane vikanigeukia. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Lakini siku Mama alipopewa ruhusa, walileta kiti cha magurudumu kisicho na breki. Nikasimama katikati ya mlango wa wodi, nikasema hatoki mtu hapa. Walinitisha, wakanibembeleza, wakamwita mkubwa wao. Sikusogea. Tukatoka na kiti chenye breki. Hapo ndipo Fundi aliponiona kwa mara ya kwanza. "Wewe dada," akasema, "wewe ni msumari." Naye Mama akaninyooshea kidole cha mkono mzima, akatamka lile neno lake moja, "Haya!" na hakukishusha kidole mpaka nilipokubali kwenda naye nyumbani. Ndivyo nilivyopata kuwa mlezi. Sikusomea. Mwili wa Mama ndio ulionifundisha, kosa kwa kosa, mpaka nikaujua kama mtu anavyoujua mlango wa kwao gizani.

Mapenzi ya Fundi yalikuja baadaye, polepole, kama maji yanavyopanda ukutani. Na alipotamka kwamba anataka kunioa, Mkaguzi alikuja na sharti.

"Kaka yangu hawezi kuoa mtu anayelipwa na nyumba hii," alisema. "Watu watasema tumemwoa ili tusimlipe mshahara. Akitaka kuwa mke, atoke kwanza kuwa mfanyakazi. Tutafute mlezi mwingine, akae, mama amzoee. Ndipo wazee waende kwao."

Tukakubali. Wazee walikuwa waende kwetu Jumapili. Siku ile ilikuwa Alhamisi.

Kwa hiyo nilikuwa natafuta mtu wa kuchukua nafasi yangu, na Mkaguzi alikuwa ameniletea mtu wa kuchukua nafasi zote mbili.

*

"Samahani, dada," Nesi aliniambia tulipoketi, "tumewahi kuonana? Sura yako si ngeni."

"Nina sura ya watu wengi," nikajibu.

Akacheka, akadhani ni utani. Hakunikumbuka! Miaka mitatu nambeba mtu kifuani kama jiwe, kumbe yeye hata sura yangu hana.

"Mgonjwa akikataa kuoga, unafanyaje?" nikamwuliza.

"Simlazimishi. Namwuliza kama tatizo ni maji au ni mimi."

Jibu zuri. Nililichukia.

"Akikutukana?"

"Nimeambiwa Mama hasemi."

"Hasemi, ila anatukana. Utaona."

Kutoka chumbani, mlango ukiwa wazi, Mama akatoa sauti: "Haya!" Sote tukacheka, hata Mkaguzi. Fundi akainuka, akanawa mafuta mikononi, akaenda jikoni. Akarudi na chai kwenye sinia. Mimi akanipa, dada yake akampa, kisha akasimama mbele ya Nesi na kikombe.

"Bado unakunywa bila sukari?"

"Bado," Nesi akasema, akainamisha macho. "Hujasahau."

Chai iliniunguza ulimi na sikuisikia. Nikanyanyuka nikasema naenda kuangalia maji ya moto. Fundi akanifuata jikoni, kwa sababu pamoja na upofu wake wote ananijua kidogo.

"Nini tena, Msumari?"

"Unakumbuka sukari yake."

"Ni sukari tu."

"Yangu vijiko vingapi?"

 Akatazama dari, akatazama sufuria, kana kwamba jibu limeandikwa mahali.

"Viwili?"

"Kimoja na nusu! Miaka mitatu, kila asubuhi, unaniuliza vijiko vingapi. Huyu hukumwona miaka mitatu na ulimi wake unaukumbuka!"

"Shusha sauti."

"Nishushe kwa nini? Anasikia vizuri, ana cheti."

Akashika ukingo wa beseni la kuoshea vyombo. Fundi si mtu wa kugombana. Ukimpigia kelele anatulia kama anasikiliza mashine iliyoharibika, anatafuta ni wapi panapogonga. Hilo nalo huniudhi.

"Wewe ndiye uliyesema tutafute mtu mzuri," akasema.

"Nilisema mzuri wa kazi. Sikusema mzuri wa kutazamwa."

"Sikumtazama."

"Ulimtazama mpaka nne."

"Mpaka nne nini?"

"Niliyehesabu najua."

Alitaka kucheka, akaona uso wangu, akaacha. "Sikiliza. Sitakudanganya. Nilimpenda, ndiyo. Miezi miwili. Mama alikuwa anakufa na yeye ndiye peke yake aliyekuwa akinichekesha. Dada alitaka nimwoe, na wewe unajua kwamba dada akitaka kitu huendelea kukitaka na kesho yake. Sikumwoa."

"Kwa nini?"

"Jamani!" Mkaguzi akaita kutoka sebuleni. "Mnapika nini huko? Mtihani!"

Fundi akatoka. Aliniacha na swali langu mkononi, linafuka moshi.

*

Mtihani ulikuwa ule ule kwa wote: kumtoa Mama kitandani, kumweka kwenye kiti cha magurudumu, kumsogeza dirishani. Ukiuona unafanywa na anayejua, utadhani ni jambo dogo. Si dogo. Mama ni mwili mzima, na nusu yake haimsaidii. Unamkalisha ukingoni mwa kitanda. Unamfunga mkanda mpana kiunoni, huo ndio unaoushika, kamwe si mkono. Goti lako unalizuia goti lake lililolegea. Na kabla ya yote hayo, kiti. Kiti hukaa upande wake mzima, ili anapogeuka aukanyagie mguu wenye nguvu. Mama mguu wake mzima ni wa kushoto. Kiti hukaa kushoto. Mara tatu au nne kila siku, kwa miaka mitatu, nimekiweka kushoto.

Aliyeandaa kiti ni mimi. Ndiyo desturi ya kazi hii: anayemjua mgonjwa ndiye humwandalia mgeni.

Nilimkuta Nesi amekwisha kupiga goti mbele ya Mama. Hakusema naye kwa sauti ya kitoto. Alimshika mkono ule uliokufa, uliokufa jamani, ambao kila mgeni huuogopa kama nyoka, akausalimia kwa mikono yake miwili. Na Mama akatabasamu. Lile tabasamu la upande mmoja, ambalo mwaka wa kwanza nililisubiri miezi saba.

"Haya," Mama akamwambia, laini kabisa.

"Anampenda!" Mkaguzi akapiga makofi. "Mnaona? Damu zao zimepatana. Yaani kaka, ungefanya nilivyokwambia wakati ule, leo tusingekuwa tunatafuta mlezi wala mke."

Fundi alisimama mlangoni. Hakumjibu. Alikuwa akimtazama mama yake akitabasamu, na macho yake yalikuwa yamelowa. Mimi sikujua, wala sikutaka kujua, ni nani aliyeyalowesha.

Mume tu ningeweza kumpigania. Lakini na Mama pia?

Sitasema ni shetani. Watu wakifanya ubaya humsingizia shetani, maskini hana wakili. Ilikuwa ni mikono hii hii. Nilikishika kiti, nikakizungusha kupita mbele ya kitanda, nikakiweka kulia. Upande uliokufa. Nikafunga breki zote mbili, nikahakikisha zimeshika, kwa uangalifu wa mtu anayefanya kazi nzuri.

Mama alinitazama. Alikitazama kiti, akanitazama mimi. Neno alikuwa nalo moja tu na hakulitumia.

Nesi naye alikitazama. Nikaona amesita, kidole kiko kwenye mkanda. Akageuka akaniangalia usoni. Sikukwepesha macho. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelekezwa njia.

"Moja," akahesabu. "Mbili. Tatu."

Mama akainuka. Akasimama. Wakaanza kugeuka, na uzito wote ukauendea mguu usiokuwepo.

Nilikuwa nimejiambia kwamba nitawahi. Niko hatua mbili tu. Atayumba kidogo, Nesi ataaibika, mimi nitadaka. Ndivyo nilivyopanga. Sikupanga vile goti litakavyokatika kama kijiti, wala sauti aliyoitoa Mama, ambayo haikuwa lile neno wala neno lolote. Niliruka. Nikaushika mkanda kwa nyuma, Nesi ameushika kwa mbele, Mama amening'inia katikati yetu, mguu wake umekwangua chuma cha kikanyagio. Tukamrudisha kitandani kwa pamoja, vichwa vyetu vimegongana. Damu ilitoka kwenye muundi. Si nyingi. Ilikuwa ya Mama.

"Mungu wangu!" Mkaguzi alipiga yowe. "Ungemuua! Ndiyo cheti chako hicho? Miaka yote wodini hujui kumbeba mtu?"

Nesi alikuwa mweupe midomo. "Samahani, Mama. Samahani sana."

"Samahani itamrudishia ngozi? Toka! Na nitapiga simu huko unakofanya kazi, wajue unavyoangusha wazee wa watu!"

Fundi akapiga magoti kwenye muundi wa mama yake na kitambaa. Akanishika mkono, akaubana. "Ahsante," akaniambia kwa sauti iliyokatika. "Usingekuwepo wewe..." Hakumaliza.

Nilikuwa nimeshinda. Mwanaume alikuwa amenishika mkono, wifi alikuwa amemgeuka kipenzi chake, mpinzani wangu alikuwa anafukuzwa. Yote niliyoyataka yaliletwa kwa mkupuo mmoja, na yalikuwa na ladha ya shaba mdomoni.

*

Nilimfuata Nesi jikoni. Alikuwa amekwenda kunawa, lakini alikuwa hanawi. Maji yanamwagika, yeye anatazama bomba.

"Nilikiona kiti," akasema bila kugeuka.

Nikavuta mlango nyuma yangu.

"Nilijua hakiko mahali pake. Hilo ni somo la siku ya kwanza. Ila nikajisemea, huyu dada amekaa na Mama miaka mitatu. Yeye mwenyewe amekiweka, labda kuna kitu anakijua ambacho mimi sikijui. Nikauacha ujuzi wangu nikaushika wako." Akafunga bomba. "Kosa ni langu. Ningeuliza."

Angenitukana ningejua la kufanya. Nimezaliwa najua kurudisha matusi. Heshima ndiyo sikuwa na pa kuiweka.

"Uliwahi kuniambia nitoe mikono," nikasema. Hata mimi nilisikia jinsi lilivyotoka dogo. "Wodini. Uliniita dada wa fagio."

Akageuka, akanitazama kwa mara ya kwanza sawasawa. "Ni wewe? Yule wa kiti kisicho na breki?"

"Ulisema kazi ya waliosomea."

"Nilisema hivyo? Sikumbuki." Akaonekana kutafuta kichwani, kwa dhati, na asipate. "Yawezekana. Nilikuwa na kiburi cha cheti kipya. Lakini wewe nakukumbuka kwa jambo jingine. Wiki ile ya kwanza baada ya Mama kutoka, Fundi bado alikuwa akija kukaa nami, hana habari nyingine. Ulimwona yule mfagizi? Uliona alivyosimama mlangoni? Yule mfagizi, yule mfagizi, mpaka chai ikawa inapoa. Nikamwambia, kaka, chukua chupa yako umpelekee yeye." Akacheka bila furaha. "Nilitania. Naona alinisikiliza."

Akachukua bahasha yake ya plastiki, akaifuta maji kwenye gauni.

"Dada yake akipiga simu nitafukuzwa," akasema. "Nina mtoto. Sikuombi kitu. Nakwambia tu ili ujue."

Mimi ni mtu wa kukumbuka nilichofanyiwa. Hiyo ndiyo elimu yangu, nimejisomesha mwenyewe. Pale jikoni, kwa mara ya kwanza, nilimwona mtu anayeondoka na kumbukumbu yangu mimi, na ubaya ulioandikwa ndani yake ni wangu.

"Weka bahasha," nikamwambia. "Usiende popote."

*

Walikuwa bado chumbani, Mkaguzi na simu yake mkononi, Fundi anafunga bandeji. Nilisimama mlangoni.

"Kiti nilikiweka kulia mimi," nikasema. "Kwa makusudi."

Hakuna aliyeelewa kwanza. Nikarudia.

"Nilitaka ashindwe. Nilimwona Mama anamtabasamia, nikakiweka upande uliokufa. Yeye hana kosa. Simu hiyo ukitaka kumpigia mtu, nipigie mimi."

Mkaguzi akashusha simu taratibu. Nilitarajia yowe. Badala yake alisema kwa utulivu wa mtu aliyeshinda kesi, "Kaka, umesikia. Mimi sina la kuongeza. Huyu ndiye unayetaka wazee wakamwombe Jumapili."

Fundi hakumtazama dada yake. Alinitazama mimi, na mara hii sikuhesabu.

"Ungemwangusha Mama?"

"Ningemdaka."

"Na usingewahi?"

Nikautazama ule muundi. Akarudi kwenye bandeji. Vidole vyake, vinavyoweza kutunga uzi kwenye sindano ya cherehani bila kutazama, vilishindwa kufunga fundo.

Ndipo Mama akaingilia. Aligonga ubao wa kitanda kwa kiganja cha kushoto. "Haya!" Tukamgeukia. Alikuwa amekasirika, si utani, mishipa imemtoka shingoni. Akanielekezea kidole mimi, kisha kiti, kisha upande wake wa kushoto. Nikakibeba kiti nikakiweka. Nikafunga breki. Nikainama kumshika mkanda, kama kila siku.

Akakisukuma kiganja changu.

Akamnyooshea Nesi mkono.

Nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa kabati. Nesi akanitazama kuniomba ruhusa, jambo lililoniuma zaidi, nikaitikia kwa kichwa. Akalizuia goti la Mama kwa goti lake. Mkono mzima wa Mama ukazunguka shingo ya Nesi, pale pale unapoizunguka yangu. Wakainuka, wakageuka, Mama akakaa. Hakukusikika hata mlio wa chuma.

"Mto mdogo," nikasema.  "Chini ya kiwiko cha kulia. La sivyo bega linashuka, usiku hatalala."

Nesi akaweka mto.

"Akinywa, ainamishe kidevu. Maji mepesi humkwama kooni. Nyuma ya masikio anapenda paoshwe mwisho, na maji ya moto zaidi. Akisema haya mara mbili upesi upesi anataka choo. Akisema moja ndefu, anamkumbuka marehemu. Usimsemeshe, kaa tu naye."

"Kaa tu naye," Nesi akarudia, kama anaandika.

Nilimpa vyote. Vile ambavyo hata Fundi havijui, vile nilivyovipata kwa miezi na machozi, nikamkabidhi kimoja kimoja mwanamke niliyemtamania chunusi. Hakuna aliyenikatiza. Mkaguzi alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda, mkono mdomoni, nadhani hakuwahi kujua kwamba mama yake ana mambo mengi hivyo.

Vilipokwisha nikavua aproni, nikatoka.

*

Fundi alinikuta barabarani, nje ya lango. Jua lilikuwa bado juu, watu wanapita na shughuli zao. Tukasimama kama majirani wanaodaiana maneno.

"Jumapili hatuji," akasema.

"Najua."

"Hujui. Acha nimalize. Nesi ameanza kazi leo. Wewe nenda kwenu ukakae mwezi mmoja. Usije hapa. Usipite njia hii, usimtume mtu achungulie, usiniulize ameamkaje wala amevaa nini. Mwezi ukiisha bila wewe kutia pua, nitawaleta wazee, dada atake asitake."

"Mwezi mzima? Na yeye humo ndani?"

"Na yeye humo ndani."

"Wiki mbili."

"Msumari."

"Tatu, na unipigie simu kila jioni."

"Mwezi. Na hakuna simu." Hakuwa anatania. Chini ya macho yake palikuwa pamekauka, peupe, kama pa mtu aliyelia akajifuta kwa kitambaa chenye mafuta. "Sikuadhibu. Mama yangu hawezi kusema. Mtu atakayekuwa mke wangu, siku akinikasirikia mimi, nataka nijue kwamba Mama yuko salama. Leo sijui. Nataka nijue tena."

Ningeweza kumjibu. Nina majibu ya kila kitu, tangu lile benchi na zile mara kumi na moja. Niliyatazama yote yakipita, nikayaacha yapite.

Kutoka dirishani ilikuja sauti ya Mama, kisha ya Nesi, kisha zote mbili zinacheka. Miguu yangu ikageuka yenyewe kuelekea lango. Fundi hakunizuia. Alingoja tu niisimamishe mwenyewe, na niliisimamisha, lakini ilikuwa kazi, jamani, ilikuwa kazi.

"Nikishindwa," nikamwambia, "nikija siku moja nikagonga hapa, hata nikilia, hata nikikuapia kwamba nimesahau kitu, usinifungulie."

 Akatazama chini, akasugua mafuta kwenye kidole gumba.

"Hilo," akasema, "siwezi kukuahidi."